Mafungu Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mama ametoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida. Chai kwenye chupa, mkate na jibini, bisibisi ndogo katika mfuko wa aproni. Kutoka Hagsätra mpaka Vällingby ni treni moja, hakuna kubadilisha. Huketi dirishani na kusinzia. Anasema mwili wake unazijua stesheni, macho hayana kazi.

Mama hushona kola za mashati. Mwaka wa sita huu. Baba alimaliza mafunzo yake hapa akarudi Tanga, sisi tulibaki. Barua zake zimepungua. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Shuleni: jiometri, Kiingereza, useremala. Jiometri sawa. Kisanduku changu cha mbao kimepinda.

Mama akinisemesha huwa namjibu kwa Kiswidi kabla sijafikiri. Hainipendezi. Ndiyo sababu ya daftari hili.

Jumatano, 4 Septemba

Leo Mama kanieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu.

Kola huja kwa mafungu, na kila mshonaji hulipwa kwa fungu. Mstari wa kola una wanawake wanane. Wote hushona mafungu kumi na moja kwa siku. Si kumi, si kumi na mawili. Mama anaweza kumi na matano. Najua, kwa sababu nimemwona akishona nyumbani; mkono wake ukikolea huoni kitambaa kikisogea, unaona kimefika.

Wiki yake ya kwanza alishona kumi na manne. Bi Aino, Mfini anayekaa nyuma yake, alimfuata kwenye sinki. Akamwambia, "Binti, mpima muda wa kampuni akiona unaweza kumi na manne, kesho bei ya fungu itashuka kwetu sote. Na vidole vyangu hivi, mimi nitakimbia na nani?" Vidole vya Bi Aino vimekakamaa. Ana miaka sitini. Tangu siku ile Mama hushona kumi na moja.

Muda unaobaki anatengeneza mashine za wenzake. Fundi wa kiwanda yuko jengo la pili na haji haraka. Ndiyo kazi ya bisibisi.

Nilimuuliza kama huo si uongo. Akasema, "Ni mwendo wa msafara. Msafara hauendi kwa miguu ya kijana."

Sijaridhika na jibu hilo. Nimeliandika hivyo hivyo.

Jumanne, 10 Septemba

Kiwanda kinafungwa. Mashati yatashonwa Ureno. Waliitwa wote ukumbini baada ya saa ya kahawa, mkurugenzi akasoma karatasi. Siku ya mwisho ni tarehe ishirini na tisa Novemba. Mashine nazo zinakwenda.

Mama amenisimulia huku akimenya viazi. Kisha kaniuliza kuhusu mtihani wa historia.

Jumatatu, 16 Septemba

Watu wa ofisi ya ajira walikuja kiwandani na meza yao na vijitabu. Serikali haiwaachi hivi hivi walioachishwa kazi kwa sababu kiwanda kimehamia nje. Nimesoma kijitabu chote. Kimeandikwa vizuri, kwa sentensi ambazo mtu akisoma anatulia.

Kuna posho ya kuhama. Ukikubali kazi katika mji mwingine, wanakulipia safari na mizigo. Miji yenyewe ni ya kaskazini. Wenye umri mkubwa, kama Bi Aino, watapata pensheni mapema. Na kuna kozi, unasoma na unalipwa posho.

Hapa Stockholm kozi ya ushonaji ni moja tu. Inafundisha kuwa msimamizi katika karakana inayoshona sare za hospitali. Ukihitimu, kazi ipo. Nafasi ni mbili kwa kiwanda kizima.

Mama anataka nafasi moja. Akiikosa, tutahama. Niko darasa la nane. Mwalimu wangu amesema nikiendelea hivi naweza kwenda sekondari ya juu, mkondo wa sayansi. Kaskazini pia kuna shule, najua. Lakini huko sitakuwa na mwalimu huyu, na Mama hatakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili ila mimi, na mimi ni huyu anayejibu kwa Kiswidi.

Kesho tunaanza kufunga.

Jumapili, 22 Septemba

Tumejaza fomu. Kiswidi cha Mama ni cha kiwandani, kizuri kwa kugombana na kwa kucheka. Cha ofisini ni kazi yangu.

Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Shule: miaka saba, Korogwe. Ufundi: aliufundishwa na baba yake, fundi cherehani. Kisha fomu iliuliza idadi ya mafungu ya kola anayoweza kushona kwa siku. Mama alikuwa jikoni akikoroga uji wa futari. Akasema kwa sauti, "Andika mafungu kumi na moja."

Nilitazama saa. Bado saa nzima jua lizame. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri, na Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba anayesema uongo akiwa amefunga amejinyima chakula bure. Nikaandika kumi na matano.

Mama aliifuta mikono, akatia sahihi bila kusoma. Husaini kila ninachomwandikia.

Sikumwambia. Niliona nimefanya vizuri mara mbili: nimesema kweli, na nimemsaidia.

Alhamisi, 26 Septemba

Fomu imepelekwa. Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepata alama zote za jiometri. Kisanduku kimenyooka kidogo. Mama anapiga pasi kitambaa cheupe cha Idd ingawa bado siku kumi.

Nina tumaini. Naliandika ili nikumbuke kwamba tarehe saba nilikuwa nalo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Afisa wa ofisi ya ajira, Bwana Sandell, alipiga simu kiwandani. Taarifa ya kiwanda inasema Mama hushona kumi na moja. Fomu inasema kumi na matano. Alitaka tu kujua ipi ni sahihi.

Msimamizi wa mstari wa Mama alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Akaenda kuleta vitabu vya miaka yote. Wanawake wanane, kumi na moja, kumi na moja, kila siku, kama saa ya ukutani. Sasa wameelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Chama cha wafanyakazi kinajadiliana na kampuni kuhusu kiinua mgongo, zaidi ya ile misaada ya serikali. Mkurugenzi amesema kwa nini awaongezee watu waliokuwa wakimfichia nguvu zao. Si Mama peke yake. Wote.

Mama aliingia akavua viatu polepole. Nikamwambia ni mimi. Alikuwa amekwisha kujua. Mwandiko ni wangu.

Akasema, "Hukuniambia."

Basi. Tukafuturu. Tende zilikuwa nne, tukala mbili mbili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hakuna aliyezungumza na Mama leo. Saa ya kahawa yeye hanywi, amefunga, lakini siku zote huketi nao. Leo alipoketi, Bi Aino alichukua kikombe chake akahamia meza nyingine. Mmoja wa washonaji vijana akamwita malkia wa kola. Akamwinamia, na wengine wakacheka.

Mashine mbili ziliharibika mchana. Wamengoja fundi mpaka jioni. Hakuna aliyemwita Mama.

Najichukia. Si sana. Kiasi kinachostahili.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama anataka nimwandikie Bwana Sandell kwamba mtoto alikosea hesabu. Nilikaa na karatasi tangu asubuhi. Sikukosea hesabu. Bado tumefunga.

Hatimaye niliandika hivi: Mimi ndiye niliyejaza fomu. Mama aliniambia niandike kumi na moja. Niliandika namba nyingine bila kumwambia, naye akatia sahihi kwa kuniamini. Hilo ni kosa langu, naomba lisihesabiwe kuwa lake.

Kila sentensi ni kweli. Safari hii nilimsomea Mama yote, neno kwa neno, na kumtafsiria. Akasikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Peleka."

Alhamisi, 17 Oktoba

Idd. Nimekosa shule kwa ruhusa. Tulikwenda kwa Mama Wanjiru, Mkenya wa ghorofa ya tatu. Yeye ni Mkristo, lakini sebule yake ndiyo kubwa kuliko zote za Waswahili wa hapa Hagsätra, kwa hiyo kila sikukuu, ya dini yoyote, ni kwake. Pilau. Watoto walikimbizana kwa Kiswidi na wazazi wakawakanya kwa Kiswahili.

Bwana Rajabu wa Unguja alimwambia Mama, "Kwa hiyo kiwanda kimekwenda Ureno. Kina akili kuliko sisi, shemeji. Kimelifuata jua." Mama alicheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Niliomba dua moja tu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jibu limekuja. Bwana Sandell anashukuru kwa barua yangu. Hakunikaripia. Lakini karatasi mbili zinapingana, na lazima aone mwenyewe. Jumanne ya wiki ijayo Mama atashona siku nzima kwenye mashine yake, kuanzia saa moja mpaka saa kumi. Watakuwapo yeye, msimamizi, na mwakilishi wa chama. Mama anaweza kuleta mkalimani wake. Shule imefungwa wiki hiyo, kwa hiyo mkalimani ni mimi.

Akishona kumi na matano, atakuwa wa kwanza katika orodha ya kozi. Lakini mkurugenzi atakuwa na ushahidi aliokuwa akiutafuta, na wenzake saba watapoteza kiinua mgongo. Akishona kumi na moja, hana kinachomtofautisha na mtu yeyote, na kaskazini kunatungoja.

Nimelieleza jambo hili kama hesabu. Halina jibu kama hesabu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nilimuuliza Mama atafanya nini. Akasema, "Nitashona."

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Jumanne, 29 Oktoba

Naandika kwa utaratibu, nisisahau.

Saa moja kamili Mama aliketi. Mstari mzima ulikuwa kazini, mashine nane. Mimi nilipewa kigoda kando ya dirisha. Bwana Sandell ni mtu mwembamba mwenye koti la mvua. Alivua koti akakaa kama mimi, mikono magotini. Msimamizi alisimama. Mwakilishi wa chama alisimama mbali na msimamizi. Watu wote hapa huitana kwa jina la kwanza, hata mkubwa na mdogo. Mama hajawahi kuweza. Alimsalimu msimamizi kama siku zote, "Bwana", na msimamizi akatazama pembeni.

Alishona mwendo wa msafara. Nilijua tangu fungu la kwanza. Kola, geuza, nyoosha, kola. Hakutazama kulia wala kushoto.

Saa nne mashine ikakwama. Sauti kama mfupa unaovunjika. Uzi ukajifunga chini na sindano ikavunjika. Msimamizi akasema aitwe fundi. Lakini Mama alikuwa amekwisha kuzima, amelaza kichwa cha mashine, na bisibisi iko mkononi. Ilikuwa mazoea tu. Nadhani alisahau kwamba anatazamwa. Akafungua kijumba cha bobini, akaona kwamba ndoano ya chini imelegea, haikutani tena na sindano. Akaizungusha kidogo, akaweka sindano mpya, akageuza gurudumu kwa mkono huku akiinamisha sikio. Si sawa. Akafungua tena.

Bwana Sandell alisimama akasogea. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha. Nilimfasiria Mama. Akajibu bila kuinua uso, "Mwambie, Babu yako. Alikuwa anasema mashine husikilizwa, haitazamwi."

Nikasema hivyo kwa Kiswidi. Bwana Sandell akauliza kama Mama hufanya matengenezo haya mara kwa mara. Kabla sijafasiri, sauti ikatoka nyuma. Bi Aino. Hakuacha kushona.

"Fundi wetu ni yeye. Yule mwingine huja kunywa kahawa."

Hata msimamizi alitabasamu kidogo. Lilikuwa neno la kwanza la Bi Aino kwa ajili ya Mama tangu tarehe kumi.

Matengenezo yalichukua dakika arobaini na tano. Niliangalia saa. Baada ya hapo sauti ya mashine ya Mama ilibadilika. Haikuwa ya haraka kwa macho. Mikono ilitulia vile vile. Lakini mimi najua sauti ile, ni ya nyumbani. Alishona hivyo mpaka alipofidia, kisha sauti ikarudi ile ya kwanza. Saa kumi ilipogonga alikuwa anafunga kamba kwenye fungu lake la mwisho.

Bwana Sandell aliyahesabu. Kumi na moja. Akatazama saa yake. Akayatazama mafungu tena, muda mrefu, kama mtu anayesoma sentensi mara ya pili. Msimamizi akafumbua kinywa.

"Kumi na moja," alisema Bwana Sandell, akaandika.

"Kumi na moja," mwakilishi wa chama akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Msimamizi akafunga kinywa.

Kwenye treni Mama alisinzia mpaka Hagsätra. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Bi Aino amerudi kwenye meza ya Mama. Alimsogezea sukari. Kisha akasema, "Kumi na moja, na dakika arobaini na tano za bisibisi. Mimi nimezeeka vidole, sijazeeka hesabu."

Mama akamwambia anywe kahawa, inapoa.

Ijumaa, 15 Novemba

Barua mbili siku moja.

Ya kwanza ya chama. Kiinua mgongo kitalipwa kama ilivyoombwa, kwa wote. Mkurugenzi hana ushahidi.

Ya pili ya ofisi ya ajira. Mama hakupata kozi ya usimamizi. Nafasi zimekwenda kwa wengine wawili. Niliisoma mara moja nikaiweka. Nilifikiria njia ya kumwambia. Halafu nikaona kuna karatasi nyingine nyuma, imebanwa kwa pini.

Kuna kozi ya mafundi wa mashine za kushonea. Miezi minane, hapa hapa Stockholm, posho ile ile. Waombaji wote mpaka sasa ni wanaume. Bwana Sandell ameandika kwa mkono wake kwamba yeye mwenyewe alishuhudia tarehe ishirini na tisa Oktoba jinsi Mama anavyofanya kazi hiyo, na kwamba anampendekeza. Anaomba Mama ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Hajaandika neno lolote kuhusu mafungu.

Mama alirudi saa kumi na moja. Nilimsomea yote kwa mpangilio, ubaya kwanza. Alikaa. Aliuliza, "Wanaume watupu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Babu yako naye alikuwa mwanaume, nikamvumilia."

Tutajaza fomu Jumapili. Nimemwambia safari hii ajaze yeye, mimi nitamsomea maswali tu. Alinitazama. Nadhani alifurahi. Sina hakika.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya mwisho. Nilikwenda baada ya shule kumsaidia kubeba vitu vyake: aproni, kikombe, mto wa kiti.

Mashine nyingi zilikuwa tayari ndani ya masanduku. Sakafuni palibaki alama, miguu minne minne. Mama aliomba mashine yake ifungwe mwisho. Aliipaka mafuta, akakaza kila skrubu, akaweka sindano mpya, akashona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa akakiacha chini ya mguu wa mashine. Nikamuuliza ni kwa ajili gani. Akasema huko Ureno atakayeifungua aone kwamba inashona vizuri, asije akaitukana.

Bi Aino alilia. Mama hakulia. Wale vijana walimkumbatia, hata yule wa malkia wa kola. Wawili kati yao wanahamia kaskazini wiki ijayo.

Ijumaa, 17 Januari 1975

Wiki ya kwanza ya kozi imekwisha. Mama huondoka saa moja sasa, si saa kumi na moja na nusu. Tunakunywa chai pamoja. Jana jioni alifanya kazi yake ya nyumbani kwenye meza, mimi yangu. Yake ni majina ya sehemu za mashine kwa Kiswidi. Namuuliza, ananijibu. Kisha ananiuliza yale yale kwa Kiswahili, na hapo ninayeshindwa ni mimi.

Nje baridi kali. Bi Aino atakuja Jumapili na mkate wake wa iliki.

Leo mwalimu aliwapa kila mmoja mashine mbovu. Wanaume kumi na mmoja na Mama. Amesema alikuwa wa kwanza kumaliza. Kwa muda hakujua la kufanya na mikono yake, kwa hiyo aliiweka mapajani akakaa.

Nilimuuliza alimaliza saa ngapi.

Akasema hakuangalia saa.